Pasi ya ndege si kiti

Huenda una mwana au mpwa anayesoma Ulaya, naye amekupigia simu akitaka pesa za uanachama wa shirika la ndege. "Nikilipa mara moja, nasafiri mwaka mzima!" Kabla hujafungua mkoba, fanyeni hesabu pamoja.

Chukua Wizz Air la Hungary, nchi ambayo baadhi ya vijana wetu wamekwenda kwa ufadhili wa masomo. Agosti 2024 lilianza kuuza pasi ya mwaka mmoja: yuro 499 mwanzoni, kisha 599. Juu ya hiyo, mwenye pasi alitozwa yuro 9.99 kila alipopanda ndege. Kwa pasi ya 599, safari kumi, kwenda na kurudi zikihesabiwa mbalimbali, zagharimu karibu yuro 70 kila moja. Ishirini, karibu 40. Sasa mwanafunzi gani mwenye nafasi ya kusafiri mara ishirini?

Lakini pesa si shida kubwa. Shida ni kiti. Pasi hiyo iliruhusu kuweka nafasi katika saa 72 za mwisho tu kabla ya ndege kuondoka, na shirika halikuahidi kuwa nafasi itakuwapo. Frontier la Marekani nalo, kwa pasi yake, liliwataka wanachama wangoje hadi siku moja kabla ya safari za ndani ya nchi, na siku kadhaa za sikukuu likazifunga kabisa. Sababu ni ya kibiashara. Kiti kitakachoruka kitupu ni hasara, heri akalie mwanachama. Lakini wakati wa Krismasi, watu wanapokigombania kwa bei yoyote, kwa nini apewe yeye?

Hata akipata nafasi, bado hajachagua pa kukaa. Kiti cha dirishani hulipiwa kando. Asipolipa, kompyuta humtupa popote, yeye mbele na mwenzake kule nyuma karibu na choo. Begi kubwa pia lina bei yake.

Na kuna kurudi. Ijumaa aweza kupata kiti cha kwenda, Jumapili akakosa cha kurudi. Basi mwulize kama ana mtihani Jumatatu. Ikiwa anao, akate tikiti ya kawaida ya kurudi, hata kama pasi iko mfukoni.