Zawadi ya TVA: tusidanganywe na asilimia 10, lakini tudai risiti

MAMA yangu hakununua maharage mara mbili kwa muuzaji asiyetoa nyongeza. Hayo yalikuwa Karagwe, nchini Tanzania, ambako familia yetu iliishi ukimbizini na ambako nilisoma hadi tuliporudi nyumbani Rwanda mwaka 1996. Muuzaji alipomaliza kupima kopo lake, mama alisubiri kimya, kikapu kikiwa wazi, mpaka konzi moja ya ziada iongezwe. Asipoipata, wiki iliyofuata alihamia kwa muuzaji wa jirani.

Siku hizi nyongeza imepanda cheo, imeingia kwenye simu. Tangu mwaka 2024, mnunuzi wa mwisho hapa Rwanda anayedai risiti ya mashine ya EBM anarudishiwa asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani, ile tunayoiita TVA, aliyolipa katika bidhaa hiyo. Unajiandikisha kwa simu, unamtajia muuzaji namba yako, naye anaiingiza kwenye mashine. Baadaye fedha yako inakuja. Muuzaji akikataa kutoa risiti, au akiandika bei pungufu, ukamripoti na akatozwa faini, nusu ya faini hiyo ni yako.

Mpango huu ni mzuri na ninauunga mkono. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na naona watu wengi wanaujadili bila kuupigia hesabu. Wengi wakisikia asilimia 10 wanadhani ni asilimia 10 ya bei. Sivyo.

Chukua bidhaa ya faranga 11,800. Ndani yake bei halisi ni 10,000 na TVA ya asilimia 18 ni 1,800. Asilimia 10 ya hizo 1,800 ni faranga 180. Kwa hiyo katika faranga 11,800 zilizotoka mfukoni, zinazorudi ni 180, yaani asilimia moja na nusu hivi ya ulicholipa. Familia inayotumia faranga 59,000 kwa mwezi kununua sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno na vitu vingine vyenye TVA itarudishiwa faranga 900 kwa mwezi, au 10,800 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, sikatai. Ila hakuna atakayejenga nyumba kwa kibaba hicho.

Tena kuna wasiopata hata hiyo haba. Mazao ya shambani yasiyosindikwa hayatozwi TVA, na mwaka 2023 Serikali iliuondoa mzigo huo pia kwenye mchele na unga wa mahindi. Huo ni msaada mkubwa kwa mnyonge. Lakini maana yake ni kwamba mama ambaye kikapu chake ni maharage, viazi na kawunga hana TVA ya kurudishiwa. Vilevile mfanyabiashara mdogo ambaye hajasajiliwa katika TVA hawezi kukupa zawadi inayotokana na kodi asiyokutoza. Zawadi nono inamwendea anayenunua friji na televisheni.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamekuwa na mchezo unaofanana na huu kwa miaka mingi. Ebates ilianza Marekani mwaka 1998, na leo inaitwa Rakuten. Uingereza wana Quidco na TopCashback, zote za mwaka 2005. Mnunuzi anapitia kwanza kwenye tovuti hiyo ndipo aingie duka la mtandaoni. Duka linailipa tovuti kamisheni kwa kuletewa mteja, nayo tovuti inamgawia mteja sehemu ya kamisheni hiyo. Ndugu yangu anayeishi Uingereza aliwahi kunisimulia kwa furaha jinsi alivyorudishiwa asilimia 5 ya bei ya viatu. Nikamuuliza kama alikuwa na haja ya viatu. Akacheka tu.

Hapo ndipo penye mtego. Anayenunua asichokihitaji ili arudishiwe asilimia 5 hajaokoa asilimia 5, amepoteza 95. Duka halitoi kamisheni kwa huruma. Linatoa kwa sababu linajua mteja atarudi. Anayefaidika ni yule tu aliyekwisha kuandika orodha yake nyumbani, akalinganisha bei, na kununua kile ambacho angekinunua hata bila zawadi.

Mpango wetu una lengo tofauti. Hautaki ununue zaidi, unataka udai risiti. Na hapa ndugu msomaji naomba nikiri kosa langu, maana mwalimu asiyekiri kosa hafundishi.

Mwishoni mwa mwaka 2024 niliingia duka moja hapa Kigali kununua pasi ya umeme. Bei ilikuwa faranga 23,600. Muuzaji akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikupe bei ya risiti au bei ya kirafiki?" Bei ya kirafiki ilikuwa 21,000, bila EBM. Nikapiga hesabu haraka kichwani. Kwa risiti ningerudishiwa faranga 360, tena baadaye. Bila risiti nilikuwa nabaki na 2,600 papo hapo. Mshahara wa mwalimu tunaujua. Nikachukua bei ya kirafiki.

Wiki ya tatu pasi ikatoa moshi. Nikairudisha. Yule rafiki yangu akaniuliza, "Risiti iko wapi?" Sikuwa na la kujibu. Nilinunua nyingine, safari hii duka jingine, na kwa risiti.

Nililipeleka jambo hilo darasani kama swali la asilimia, bila kusema mnunuzi ni nani. Wanafunzi wakakokotoa TVA iliyokuwa ndani ya faranga 23,600, wakapata 3,600. Wakaona mnunuzi alichukua 2,600 na muuzaji akabaki na 1,000. Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza: "Na Serikali ilipata ngapi?" Nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Akaandika sifuri ubaoni, akarudi kukaa.

Sifuri hiyo ilinikera kuliko pasi. Mshahara wangu unatoka huko. Chakula cha mchana ambacho tangu mwaka 2021 kimeenezwa katika shule zote za umma za elimu ya msingi kinachangiwa kutoka huko. Na mimi mwenyewe nilisoma kwa kodi za watu wengine. Walimu walionifundisha kusoma na kuhesabu kule Karagwe walilipwa na serikali ya nchi isiyokuwa yetu, kwa jasho la wakulima wa kahawa ambao hawakunidai chochote. Mtu aliyesomeshwa hivyo akila njama na muuzaji kuficha faranga 3,600 hana budi kuona haya.

Kwa hiyo nina maoni matatu.

Kwanza, kwa Mamlaka ya Mapato: tangazeni hesabu ilivyo. Mwambieni mwananchi kwamba atarudishiwa faranga 180 katika kila 11,800, msimwachie asilimia 10 ielee hewani. Anayetegemea 1,180 akaona 180 atadhani ameibiwa, na hatadai risiti tena.

Pili, asilimia ya zawadi iangaliwe upya. Faranga 360 haziwezi kushindana na 2,600 za bei ya kirafiki, na wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kama haiwezekani kuongeza kwa wote, basi risiti za kiasi kidogo zipewe asilimia kubwa kuliko zile za friji na televisheni. Mnunuzi wa sabuni ndiye anayekatishwa tamaa upesi, na ndiye aliye wengi.

Tatu, kwetu sisi wanunuzi: tusidai risiti kwa sababu ya zawadi peke yake. Tanzania walianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki mwaka 2010 na kuwahimiza wananchi wadai risiti. Huko nako risiti ni ushahidi wako. Bei inayotajwa kwa kunong'ona ina gharama yake, ila gharama hiyo huja baadaye, kitu kikiharibika. Zawadi ikija, iwekeni kando, iandikwe kwenye daftari la nyumbani kama fedha nyingine yoyote. Isiwe sababu ya kununua kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha.

Mama yangu hakuwahi kununua kilo ya pili ya maharage kwa ajili ya konzi ya nyongeza. Alinunua yaliyotosha wanawe, akadai haki yake, akaondoka. Hakusoma shule, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.