"Mwambie Babako": Mtoto Asiwe Tarishi wa Nyumba



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii tuzungumze juu ya neno dogo lisikikalo katika nyumba nyingi za mji wetu, tangu Kibokoni hadi Kuze. Neno hilo ni "mwambie babako."

Tuchukue mfano. Mume na mke wamekosana. Hakuna aliyepaza sauti, kwani majirani wako ukuta kwa ukuta na mama mkwe yuko ghorofa ya chini. Basi wananyamaziana. Lakini nyumba haiendeshwi kwa kimya: gesi huisha, ada ya madrasa hudaiwa, wageni hubisha hodi. Hapo ndipo mtoto huitwa. "Mwambie babako gesi imekwisha." Naye baba, aliyeketi hatua tatu tu kutoka hapo, hujibu: "Mwambie mamako nimesikia."

Mtoto huyo hujifunza upesi. Hujua ni neno lipi alifikishe kama lilivyo, na lipi alipunguze makali. Huutazama uso wa baba kabla hajafungua kinywa. Watu humsifu kuwa ni mtulivu na mwenye adabu, kumbe amebebeshwa mzigo wa watu wazima wawili.

Daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa tiba ya familia katika karne iliyopita, aliieleza hali hii kwa mfano wa pembetatu. Watu wawili wanaposhindwa kustahimili dhiki iliyo baina yao, humvuta wa tatu. Wa tatu huyo aweza kuwa mtoto, mama mkwe, au shoga wa karibu. Nafuu hupatikana kwa muda, lakini ugomvi wenyewe haujaguswa. Kwa sababu hiyo, mshauri wa familia haanzi kwa kuuliza nani mkosa. Hutazama kwanza maneno yanapita njia gani ndani ya nyumba, kisha huwasaidia wenyewe kuyarudisha kwenye njia iliyonyooka.

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya Kizungu. Hebu tuirejee Sura An-Nisaa, aya ya 35. Panapohofiwa mfarakano baina ya mume na mke, tumeamrishwa tupeleke mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Nao wakitaka sulhu, Mwenyezi Mungu atawapatanisha. Tazama mambo matatu hapo: pande zote mbili husikilizwa, jambo hushughulikiwa tangu mfarakano unapohofiwa, na nia ni kupatanisha.

Mila zetu nazo zina hazina yake. Bibi harusi hufundwa na somo wake, na bwana harusi husikiliza khutba ya nikaha. Lakini kila mmoja huusiwa peke yake. Ni wachache waliowahi kuketishwa pamoja wakafunzwa namna ya kusemezana wakati hasira imepanda. Na siku hizi hata mwamuzi wa ukoo mara nyingine huja amekwisha kuchukua upande. Huyo si mwamuzi tena, ni wakili. Juu ya hayo, kuna khofu ya siri kufika barazani kabla ya Alasiri.

Matokeo yake, watu hunyamaza mpaka wanapofika kwa Kadhi. Mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Katiba ya mwaka 2010 kuamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, nazo ni neema kwetu. Lakini faili likishafunguliwa, mara nyingi maneno yamekwisha kuwa magumu. Sulhu ni nyepesi zaidi kidonda kikiwa kibichi.

Mshauri aliyesomea kazi hii hutakiwa kutunza siri, na Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Usione haya kumuuliza kama amesajiliwa. Mbele yake kila mmoja husema bila kukatizwa, na mwenziwe hurudia aliyoyasikia kabla ya kujibu. Badala ya "wewe hujali," mke hufundishwa kusema: "Nilipokaa hadi saa tano usiku bila habari zako, niliingiwa na khofu." Neno la kwanza humfanya mume ajitetee. La pili humfanya asikilize.

Mwaweza kuanza nyumbani. Chagueni usiku mmoja kwa wiki baada ya Isha, nusu saa tu, simu zikiwa mbali. Zungumzeni jambo moja, wala msifukue ya mwaka jana. Hasira ikipanda, aliyesimama na aketi, kama alivyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.).

Lakini kuna tahadhari. Panapo kipigo au vitisho, kuketishwa pamoja siko kwa kuanzia, kwani aliyeumizwa hawezi kusema kwa uhuru mbele ya anayemwogopa. Huyo ahitaji usalama kwanza. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani yampa haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Subira ni ibada, lakini haikuamrishwa ili mtu aachwe aangamie.

Dada yangu, ndugu yangu, usiku wa leo ukitaka kumtuma mtoto kwa mwenzio, mwache aendelee na daftari lake. Inuka wewe. Hatua ni tatu tu, ingawa huenda zikawa nzito kuliko zote ulizotembea wiki hii. Kaseme mwenyewe, hata kama ni habari ya gesi tu.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.