Watu Wote na Watu Wengine Wote



Ukiulizwa historia ya awali ya Marekani iligeuka mwaka gani, utajibu upesi: 1776. Utaandika kwamba tarehe 4 Julai makoloni 13 yalijitangazia uhuru kutoka kwa Uingereza, nawe utapewa alama zako. Mimi nisingekupa zote. Nashikilia kwamba mwaka ulioamua hatima ya taifa hilo ni 1787, na ushahidi wangu ni neno moja ulilofundishwa mapema sana katika somo la vivumishi: "wengine".

Tuanze na Azimio la Uhuru. Mwandishi wake mkuu, Thomas Jefferson, alitangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Kizingatie kivumishi hicho cha "-ote": hakibakizi mtu nje. Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Katika rasimu yake aliweka aya ya kumlaani mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa, lakini Kongresi iliifuta kabla ya kulipitisha Azimio. Hata hivyo neno "wote" lilibaki, na neno likishaandikwa halimtii tena aliyeliandika.

Shahidi wangu ni mwanamke aliyeitwa Bett, mtumwa katika nyumba ya John Ashley huko Sheffield, Massachusetts. Mwaka 1780 jimbo hilo lilipata katiba yake, nayo ilitamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma, lakini masikio alikuwa nayo. Alimwendea wakili Theodore Sedgwick, wakafungua kesi: ikiwa ni wote, basi na yeye yumo. Mwezi wa Agosti 1781 mahakama ilimpa ushindi yeye na mwenzake, Brom, ikaamuru Ashley awalipe fidia ya shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman, jina la ukoo lenye maana ya mtu huru. Kesi hiyo na nyingine za miaka ileile ziliukata utumwa mizizi jimboni, hata sensa ya 1790 haikuandikisha mtumwa hata mmoja Massachusetts. Neno "wote" lilikuwa na nguvu pale lilipoachwa lifanye kazi yake.

Sasa tazama 1787. Wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa Philadelphia ulioandika Katiba ya taifa. Viti vya Baraza la Wawakilishi vilitakiwa kugawanywa kwa idadi ya watu wa kila jimbo. Je, watumwa wahesabiwe? Wengi hukosea hapa, nawe nakusihi usikosee. Waliotaka watumwa wahesabiwe kikamilifu ni wajumbe wa majimbo ya kusini yenye watumwa wengi, kwa kuwa kila kichwa kiliwaongezea mabwana viti, ilhali mtumwa hakuwa na kura. Wa kaskazini walipinga. Mapatano yakawa kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Hivyo mtu alihesabiwa ili anayemnyonya apate nguvu zaidi ya kumnyonya.

Na Katiba iliwaitaje watu hao? Haikusema "watumwa". Ilitaja kwanza watu huru, pamoja na waliofungwa na mikataba ya kazi ya miaka kadhaa, ikawatoa wenyeji asilia wasiotozwa kodi, kisha ikasema "watu wengine wote". Soma tena. 1776: watu wote. 1787: watu wengine wote. Neno moja lilipenyezwa katikati, na kwa mlango huo watu karibu 700,000, ambao sensa ya 1790 iliwaandika watumwa, walitolewa nje ya "wote".

Uficho haukuishia hapo. Kongresi ilipozuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, walitajwa kama watu ambao majimbo yangeona vyema kuwapokea, utadhani ni wageni walioalikwa karamuni. Mtumwa mtoro aliitwa mtu anayewajibika kufanya kazi, na ilikuwa lazima arudishwe. James Madison, naye mwenye watumwa, alisema mkutanoni kwamba ni kosa kuingiza katika Katiba wazo la binadamu kuwa mali. Wakaliondoa neno, mali wakaiacha.

Wapo watakaonijibu kwamba bila mapatano hayo South Carolina na Georgia zisingejiunga, na taifa lisingesimama. Ni hoja nzito, siidharau. Wapo pia watakaosema kwamba kulinyamazia neno kuliiacha Katiba na nafasi ya kuutetea uhuru, na Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, aliitumia hoja hiyo kwa ustadi. Lakini wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Watumwa wale 700,000 walikuwa wamefikia karibu milioni 4 mwaka 1860. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliua askari zaidi ya 600,000. Ndipo Desemba 1865, kwa Marekebisho ya 13, neno "utumwa" lilipoingia katika Katiba kwa mara ya kwanza, na liliingia ili kuupiga marufuku. Uovu ulibidi utajwe kwa jina lake ndipo ufutwe.

Utaniuliza, mambo ya Philadelphia yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu bado kuna wanaokwambia kwamba sarufi ni ya mtihani tu. Si kweli. Sheria huandikwa kwa nomino na vivumishi, na haki ya mtu yaweza kupotea ndani ya kivumishi kimoja. Basi chukua leo kanuni za shule yako, au ibara moja ya katiba ya nchi yako. Pigia mstari kila "wote", kila "wengine", kila "baadhi" na kila "wahusika". Kisha uliza bila woga: ni akina nani hao, na nani ameachwa nje? Bett, asiyejua kusoma, aliliuliza swali hilo. Wewe unayejua kusoma una udhuru gani?