Usiache mbachao: kuhama gari moja la umeme kwenda jingine

Ami mmoja mtaani kwetu aliuza gari lake la umeme akanunua jingine la kampuni tofauti. La kwanza lilikuwa limechoka; la pili lilikuwa jipya zaidi na linakwenda mbali zaidi. Jioni ya siku ya kwanza akachukua waya wa kuchaji aliofungiwa ukutani, akauvuta mpaka kwenye gari. Haukuingia. Akamwita fundi aliyemfungia. Fundi akatazama tundu la gari, akatazama plagi, akasema: “Ami, hii haiingii. Gari umebadilisha, lakini ukuta bado ni wa gari la zamani.”

Sitaji kampuni, kwa sababu kosa si la kampuni moja. Hili ni jambo linalotungoja sisi sote watu wa Pwani tunaofikiria kuachana na petroli.

Tumezoea kwamba mwenye kuuza Toyota akanunua Nissan hana la kuuliza. Kila kituo cha petroli mpira utaingia, na kila fundi wa kando ya barabara atalifungua boneti. Gari la umeme ni mambo mengine. Ukibadilisha kampuni, huenda ukabadilisha plagi, aina ya betri, programu ya simu na fundi, vyote kwa mpigo mmoja.

Ulimwenguni watu wanahama kwa wingi. Tesla ya Marekani iliuza magari takriban milioni 1.81 mwaka 2023, na mwaka 2024 ikashuka hadi milioni 1.79. Ilikuwa mara ya kwanza mauzo yake ya mwaka kupungua tangu ianze kuuza magari kwa wingi. BYD ya China, iliyoanza mwaka 1995 huko Shenzhen ikitengeneza betri tu, mwaka 2025 ikaipita Tesla kwa magari ya umeme mtupu. Wapo waliohama kwa sababu ya bei, wapo waliochoshwa na siasa za Elon Musk, na wapo waliotaka tu gari geni.

Lakini tazama ni nini kinachomwezesha Mzungu kuhama bila kuumia. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba vituo vya kuchaji vya umma viwe na plagi za aina moja: Type 2 kwa kuchaji polepole na CCS kwa kuchaji haraka. Kwa hivyo anayetoka Tesla kwenda BYD, Renault au Volkswagen anakuta tundu lile lile. Serikali ilitangulia kuweka njia, kisha kampuni zikaachiwa zishindane.

Sasa turudi bandarini kwetu. Magari mengi tunayonunua hushuka Kilindini yakiwa yametumika Japani, na sheria inayataka yasizidi miaka minane. Gari la umeme linalojulikana zaidi katika mtumba huo ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwaka 2010. Leaf la Kijapani lina matundu mawili: Type 1 la kuchaji nyumbani na CHAdeMO la kuchaji haraka. Gari jipya linaloletwa na wakala wa BYD, kama Atto 3, lina Type 2 na CCS. China kwenyewe wanatumia plagi yao nyingine, GB/T. Hayo yote yanaweza kukutana katika yadi moja ya magari hapa Mombasa, na mnunuzi akaonyeshwa rangi, viti na redio tu.

Jambo la pili ni betri. Betri ya Leaf la mwanzo ilikuwa ya uniti 24, na haina mfumo wa kupoza kwa maji. Inategemea upepo tu. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la joto la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zinachakaa haraka. Shauri likafika mahakamani, na Nissan ikaongeza dhamana: betri ikishuka chini ya vidato tisa kati ya kumi na viwili vya kwenye dashibodi, ndani ya miaka mitano au maili 60,000, wairekebishe. Sisi tunaoijua jua ya kaskazi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Piga hesabu mwenyewe. Leaf la mwanzo likiwa jipya lilikadiriwa kwenda kama kilomita 117. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Likipoteza thuluthi ya betri, utavuka daraja la Kilifi ukiwa na furaha, na utakwama kabla ya Gede. Gari hilo lafaa kwa mtu wa Tudor anayekwenda kazini Nyali na kurudi. Halimfai mwenye familia Malindi. Si gari baya. Ubaya ni kuuziwa bila kuambiwa.

BYD wamechukua njia nyingine. Betri yao ya Blade, waliyoitoa mwaka 2020, ni ya madini ya chuma na fosfati, haina kobalti, na inavumilia joto vizuri zaidi. Ndiyo maana wengi wanataka kuhamia huko. Lakini dhamana ya betri hufuata wakala aliyeidhinishwa. Gari lililoingizwa kwa mlango wa nyuma likiharibika, mwenyewe utajua pa kulipeleka. Na programu ya simu ya gari lililotumika yaweza kuwa bado imefungwa kwa jina la mwenye gari wa kwanza, aliye mbali usikoweza kumpata.

Msinione nazungumzia matajiri wa Nyali peke yao. Septemba 2023 Rais Ruto alikuja hapa Mombasa kuzindua mpango wa pikipiki za umeme. Mwendesha boda wa pikipiki za kubadilisha betri mara nyingi hana betri yake. Anaikodi, na anaibadilisha katika vituo vya kampuni iliyomuuzia. Betri ya kampuni hii haiingii katika pikipiki ya kampuni ile. Akipandishiwa bei ya kubadilisha betri, hawezi kwenda kwa jirani kama anavyofanya na petroli. Kuhama kwake ni kuuza pikipiki nzima na kuanza deni upya. Hapo ndipo kijana anapofungwa.

Umeme wenyewe una faida, sikatai. EPRA katika bei za 2023 iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Lakini umeme wa bei nafuu haumsaidii mwenye plagi isiyoingia.

Kwa maoni yangu yapo mambo matatu ya kudai. Kwanza, kila kituo cha kuchaji cha umma kiwe na plagi moja ya taifa, na kwa miaka hii ya mpito kiweke pia ya magari ya Kijapani yaliyokwisha kuingia. Pili, gari la umeme la mtumba lisiuzwe bila karatasi inayoonyesha betri imebaki asilimia ngapi. Dini yetu inamtaka muuzaji aonyeshe ila ya bidhaa yake. Basi na sheria imtake hivyo hivyo, awe Muislamu au asiwe. Tatu, betri za boda ziwekewe kipimo kimoja, ili kampuni zishindane kwa bei na huduma badala ya kumfunga mteja.

Na wewe unayejiandaa kununua leo, usingoje serikali. Uliza tundu ni la aina gani, betri imebaki kiasi gani, dhamana iko kwa nani, na fundi wa karibu yuko wapi. Ukijibiwa kwa kicheko, ondoka.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema tuukalie mbacha mpaka utoboke. Ami wa mtaani kwetu hakukosea kuhama, ila alilipia gari kisha akalipia ukuta, kwa sababu katika yadi hakuna aliyemwambia mapema.