"Ikiingia, Imekubali"

Kauli hiyo aliitoa fundi mmoja wa Bukene, akimjibu mwenye kibanda cha kurushia nyimbo na muvi aliyetaka kujua kama adapta ya bei chee itatosha kuwasha kadi ya picha kwenye kompyuta yake ya mtumba. Waliokaa kwenye benchi wakaafiki kwa vichwa. Wote wamepotea.

Plagi kuingia kunathibitisha umbo, basi. Plagi bapa ya SATA, ile ya hadi disiki, ina pini tatu za volti 12, kila pini ampia 1.5. Jumla yake ni ampia 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini sita ya kadi ya picha inaruhusiwa kuvuta wati 75. Adapta ya kuunganisha hizo mbili inauzwa mchana kweupe, inaingia kiulaini, na hesabu haifiki. Tena mkondo ukiongezeka mara mbili, joto pale pini zinapogusana linaongezeka mara nne.

Ajabu ni kwamba haya yanasemwa Unyamwezini, nchi ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulipimwa, frasila mbili hivi. Nani alimtwika sita kwa kuwa bega lipo?

Utetezi wao ni mmoja: "Mbona ya jamaa inadunda tangu mwaka jana?" Huyo jamaa hakosekani! Ndiye pia anayepakia mishikaki kwenye bodaboda na kufika salama. Na plagi ikiyeyuka wanalaumiwa TANESCO, eti umeme umecheza, wakati taa, redio na friji ya jirani havina hata mkwaruzo.

Oktoba 2022 NVIDIA ilitoa kadi ya RTX 4090 yenye plagi iliyoundwa kubeba hadi wati 600. Baadhi ziliyeyuka, na kampuni ikaeleza kwamba tatizo kubwa lilikuwa plagi ambazo hazikusukumwa hadi mwisho. Kumbe hata kuingia kwenyewe kuna kipimo.

Kwa hadi disiki za ziada, adapta ya kutoka plagi ya Molex ya pawasaplai inatosha, mradi si ile ya plastiki iliyomiminwa juu ya nyaya. Humo waya ukihama kidogo tu ni shoti. Ama kadi ya picha, ziko ndogo kama GT 1030, wati 30, zinazokula umeme wa ubao mama bila plagi yoyote. Hiyo fundi hakuitaja. Mezani kwake zilikuwapo adapta tu.