Tusimcheke Alalaye Kinywa Wazi

Katika bweni letu yuko mwanafunzi aitwaye "Kambare" kwa sababu hulala kinywa wazi. Wasomaji wasihangaike kumtafuta, ni mimi. Jina lenyewe nimelizoea. Linalonikera ni ile dhana kwamba aachaye kinywa wazi ni mvivu au mjinga.

Hasha! Ukuta unaogawa pua yangu umepinda tangu nilipoanguka mwembeni nikiwa na miaka 6. Ukuta huo mbele ni gegedu, nyuma ni mfupa, na kwa watu wengi haukunyooka sawasawa wala hawadhuriki. Wangu umeziba tundu la kushoto, na la kulia huziba kila nipatapo mafua. Basi nipumulie wapi?

Tena meno yangu ya juu hayakutani na ya chini ipasavyo. Daktari wa meno alinieleza kwamba kinywa kikifungwa, ulimi hutulia juu, ukaliegemea kaakaa na kulisaidia kutanuka. Kikiwa wazi siku zote, ulimi hushuka, mashavu hubana, kaakaa likawa jembamba lenye kuinuka sana, na taya la chini likakua kwa kuning'inia. Mtaalamu Egil Harvold na wenzake, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1981, waliziba pua za kima wadogo. Mataya na meno yao yakaenda upande, ingawa si wote kwa namna moja.

Hata hivyo sikubaliani na wasemao kwamba kila taya lililopotoka limeponzwa na pua. Kaakaa ndilo sakafu ya pua. Likiwa jembamba tangu mwanzo, huenda likaunyima ukuta nafasi, nao ukapinda. Nani basi alimtangulia mwenziwe? Wapo pia waliorithi taya la baba zao, na watoto ambao ukuta wao umenyooka kabisa lakini vinyama vimevimba nyuma ya pua.

Ninalodai ni hili: mtoto mdogo alalaye kinywa wazi kila usiku apelekwe kwa daktari, si kupachikwa jina. Mifupa yake ingali inakua, na kaakaa laweza kutanuliwa kwa kifaa kivaliwacho kinywani. Mimi nina miaka 17. Ukuta waweza kunyooshwa kwa upasuaji nikapumua vyema, lakini meno hayatajipanga yenyewe.

Mdogo wangu ana miaka 8, naye ameanza kukoroma. Juma lililopita nilimwandikia baba. Nangoja jibu.