Kabla ya kuongeza kasi ya monita, pima macho

Mama mmoja wa Lingeka, Bariadi, ameiuliza safu hii kuhusu mwanawe anayefanya kazi ya kuchapa kwenye steshenari. Kila jioni kijana analalamika kichwa na macho kuwasha. Wenzake wamemwambia dawa ni kuovakloki monita, yaani kuilazimisha ichore picha kwa kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani, na sasa anaomba hela ya waya mpya. Je, mama atoe?

Shikamoo mama. Jibu linategemea waya uliopo sasa.

Monita nyingi za ofisini huchora picha upya mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60. Wapenzi wa gemu hupandisha hadi 75 au zaidi ili picha iteleze. Lakini kila picha inayoongezwa ni mzigo unaopita kwenye waya, na waya una kikomo kama bomba la maji. Kwa picha ya 1920 kwa 1080, DVI ya njia moja imetengenezewa hezi 60 tu. HDMI toleo la 1.4 inaweza kubeba 120, na DisplayPort toleo la 1.2 hufika 240. Hata hivyo, waya mzuri hauipi monita nguvu isiyokuwa nayo. Kompyuta, waya na monita vyote vitatu lazima viweze. Kimoja kikishindwa, kioo kinakuwa cheusi, kinazima na kuwaka, au kinatoa vidoto vyeupe. Hapo ni kurudi chini, si kulazimisha. Tena mashine ni ya mwenye steshenari. Ikiharibika, atakayedaiwa ni kijana.

Na macho je? Ushauri wa wenzake una asili ya kweli. Monita za zamani zenye chogo zilimetameta kwenye hezi 60, na kuzipandisha hadi 75 au 85 kuliwapumzisha watu. Monita bapa za leo hazifanyi hivyo: picha hubaki imetulia hadi ije nyingine. Kwa hiyo kuongeza hezi 15 hakutaponya kichwa cha mtu anayechapa barua.

Kuna hali moja ambayo waya unahusika na macho. Ni ule wa VGA, wenye pini 15, uliobuniwa mwaka 1987. Ukiwa mrefu, mwembamba au umelegea, herufi huonekana na ukungu au kivuli pembeni, na ukipandisha kasi ukungu unazidi. Macho yanayosoma herufi za namna hiyo kutwa nzima lazima yachoke. Kama ndivyo ilivyo, na mashine zote mbili zina tundu la HDMI, mama toa hela. Waya mfupi wa kawaida unatosha, na kasi ibaki 60.

Kama herufi ziko safi, hela hiyo ipeleke kwingine. Tukitazama kioo tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, yanakauka na kuwasha. Kijana akumbuke kupepesa, na kila dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 hivi kwa sekunde 20. Monita ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, isielekezwe dirishani, na mwanga wake usizidi ule wa chumba.

Kichwa kikiendelea kuuma, mpeleke kliniki ya macho hospitalini akapimwe. Si miwani ya mnadani, mama. Huenda anahitaji lenzi za kipimo chake, na jicho la kushoto laweza kutofautiana na la kulia. Tatizo hilo hakuna waya unaolitibu, na kadiri anavyozunguka madukani kutafuta kasi, ndivyo anavyochelewa kupata miwani.